Machakos, Kituo cha Kulala cha Njia ya Uganda

Mwaka 1892 msafiri aliyetoka Mombasa kwenda Uganda kwa miguu alitembea karibu mwezi mzima kabla ya kufika Machakos. Alipita Rabai na Maji ya Chumvi. Akavuka nyika ya Taru, ambako maji yalikuwa yale ya mvua yaliyobaki kwenye mashimo ya miamba, na mwaka mbaya hayakuwapo. Akapumua kidogo Taita, akashuka Tsavo, akapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, kisha akaanza kupanda vilima vya Nzaui na Kilungu, miguu imechanika kwa miiba. Hatimaye akaliona bonde lenye mashamba ya mtama, wimbi, kunde na viazi vitamu, vilima vya Iveti na Mua vikilitazama kutoka juu, na ndani yake boma la Kampuni ya Imperial British East Africa na bendera yake. Hapo mizigo ilitua. Watu walikaa siku kadhaa wakala, wakauguza miguu, wakanunua chakula cha njia iliyobaki.

Kwa miaka kumi hivi Machakos ndiyo iliyokuwa nyumba ya wageni ya njia ya Uganda. Haikuwa na vyumba vya kukodi wala daftari la kuandika majina ya waliolala. Kazi yake, hata hivyo, ilikuwa ileile ya hoteli za kale za Uingereza zilizopokea magari ya farasi: kulisha waliochoka, kuwalaza, kutunza barua, kutoa habari za njia iliyo mbele. Na kama zile za Uingereza, ilinyang'anywa wateja na reli.

Wakamba, wenyeji wa vilima hivyo, hawakufundishwa na Kampuni namna ya kuishi na watu wa safari. Wao wenyewe walikuwa wasafiri. Njaa ilipopiga upande mmoja wa Ukambani, watu walibeba vitu vya kubadilishana wakaenda kutafuta chakula upande mwingine. Safari hizo waliziita kuthuua. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 mazoea hayo yalikwisha kuwa biashara kubwa ya pembe za ndovu iliyofika hadi pwani, na Wakamba walikuwa na makazi yao Rabai, nyuma ya Mombasa. Mkamba wa siku hizo alijua kulala ugenini, na alijua pia kwamba chakula cha mgeni kina mwenyewe.

Mwenyeji mashuhuri kuliko wote alikuwa Kivoi wa Mwendwa, wa Kitui. Mwaka 1849 alimpokea Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai, na tarehe 3 Desemba, akiwa huko kwa Kivoi, Krapf aliuona Mlima Kenya. Ulaya walikuwapo wataalamu waliokataa katakata kwamba kuna theluji kwenye ikweta. Krapf akarudi Ukambani mwaka 1851. Safari hii Kivoi alimchukua kuelekea mto Tana, na karibu na mto wakavamiwa. Kivoi akauawa, Krapf akabaki peke yake porini. Alipoyapata maji hakuwa na kibuyu, kwa hiyo alijaza mitutu ya bunduki yake na mfuko wa ngozi wa darubini, akatembea usiku. Watu wa Kivoi hawakumpokea kwa pole. Walimlaumu kwa kifo cha mwenyeji wake, naye akalazimika kutoroka hadi akafika tena Rabai. Mtu wa leo anaweza kuona walimwonea. Mimi naona walikuwa na hesabu yao: mgeni na mwenyeji wana deni la pande mbili, na yule aliyerudi akiwa hai ndiye wa kuulizwa.

Baada ya hapo misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Mombasa na Pangani ilizidi kuingia bara, na biashara ya pembe ikawatoka Wakamba mikononi polepole. Wakamba wa vilima vya magharibi wakabaki na kitu kimoja ambacho kila msafara ulikihitaji, nacho ni chakula. Mbele yao kulikuwa na mbuga za Kapiti na Athi, nchi ya Wamaasai na wanyama, ambako hapakuwa na mtu wa kukuuzia punje ya nafaka mpaka ufike kwa Wakikuyu. Nyuma yao kulikuwa na pori kavu la siku nyingi. Kwa hiyo bonde la Masaku, yule mwaguzi maarufu ambaye mji umechukua jina lake, lilikuwa ghala kabla halijawa mji. Wakamba husimulia kwamba waaguzi wao, Masaku na Syokimau, walitabiri nyoka mrefu atakayetoka baharini na watu wenye moto mifukoni. Nyoka huyo tutakutana naye mbele kidogo.

Kampuni ilifika mwaka 1889. Frederick Jackson alikuwa akiongoza msafara wake kwenda Ziwa Victoria, na kituo kikawekwa Machakos, miongoni mwa vya mwanzo kabisa vya Waingereza katika bara la Kenya. Fikra ilikuwa kupanga vituo kwenye njia yote mpaka Uganda, kila kimoja na ghala lake, mawakala wake na askari wake. Mawakala wa kwanza hawakuelewana na wenyeji. Mwaka 1892 akaletwa John Ainsworth, Mwingereza mwenye umri wa miaka 28 hivi, aliyekuwa amefanya kazi ya biashara Kongo. Ainsworth alikuwa mtumishi wa ukoloni kama wengine, na baadaye aliongoza mapigano dhidi ya Wakamba waliompinga. Lakini jambo moja alilielewa mapema: kituo cha njiani kisichonunua chakula kwa amani hakiwezi kulisha mtu.

Tuutazame msafara wenyewe ukiwa umetua. Tuseme una watu 300, na haukuwa mkubwa kupita kiasi kwa wakati ule. Mbele kuna kiongozi, nyuma kuna wanyapara na askari, na katikati wapagazi, wengi wao Waswahili wa pwani, watu wa Unguja na Wanyamwezi. Kila mpagazi ana mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani: majora ya merikani, shanga, masango ya shaba, risasi, masanduku ya bwana mkubwa. Jioni mnyapara anatoka na kibaba. Watu wanapanga mstari, kila mmoja na kitambaa chake au sufuria ya kambi yake, na kibaba kinachotwa, kinapigwa juu kwa kiganja mpaka kinalingana, kinamwagwa. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mnyapara mwenye kiganja kizito alikuwa na maadui zaidi ya simba. Kibaba kimoja cha nafaka ni kama gramu 700. Zidisha kwa watu 300: zaidi ya kilo 200 kwa siku moja. Wakikaa siku tano kupumzika, ni zaidi ya tani moja. Kisha wanahitaji nyingine ya kubeba kuvukia mbuga. Na msafara mmoja ukiondoka, mwingine uko Kilungu unakuja.

Nani alitoa tani hizo? Wanawake wa Iveti, Mua na Kilungu ndio waliolima. Waliteremka asubuhi na vyondo mgongoni, kamba ya chondo ikishikwa kwenye paji la uso, wakileta mtama, wimbi, kunde na maharage. Wanaume walileta mbuzi na asali. Walilipwa kwa vitambaa, shanga na waya, na hawakuwa wateja wa kudanganywa. Rangi za shanga zilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulibadilika. Msafara uliobeba rangi iliyokwisha kupitwa na wakati uliweza kukaa na mizigo mizima ya shanga huku watu wake wakilala njaa. Wafanyabiashara wa Mombasa na Unguja waliliogopa jambo hilo kuliko hongo za njiani.

Wageni wakubwa walipita hapo mmoja baada ya mwingine. Frederick Lugard, mtu wa Kampuni, alipita mwaka 1890 akielekea Dagoretti na kisha Uganda. Mwanzoni mwa 1893 alipita Sir Gerald Portal, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kutazama kama Uganda inafaa kushikiliwa. Alitoka Unguja tarehe 1 Januari, akawa Kampala katikati ya Machi, mwendo wa haraka sana kwa miguu ya watu. Portal aliandika kwa ukali juu ya namna Kampuni ilivyoharibu uhusiano na wenyeji huko mbele, Ukikuyu, kwa kuchukua vitu bila kulipa. Mwaka huohuo wa 1893 wamisionari Stuart na Rachel Watt waliingia na watoto wao wadogo, wakajenga Ngelani, juu ya vilima. Desemba 1895 Peter Cameron Scott akafungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission huko Nzaui. Mwaka mmoja baadaye alikuwa amekwisha kufa kwa homa. Dada yake, Ina, aliolewa na Ainsworth. Mwenyeji wa Machakos alipata mke miongoni mwa wageni wake.

Kampuni ilifilisika kabla haijalipa gharama ya njia yake. Kumlisha mpagazi ili abebe kilo 30 kwa miezi mitatu ni biashara ambayo pembe peke yake ndiyo ingeweza kuilipa, na pembe zilikuwa zikipungua. Mwaka 1895 serikali ikaichukua nchi kwa Pauni 250,000, na kati ya hizo 200,000 zilitoka katika fedha za Sultani wa Zanzibar mwenyewe. Tarehe 1 Julai 1895 ikatangazwa himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na Machakos ikawa makao makuu ya jimbo la Ukamba chini ya Ainsworth.

Hapa niwakosoe ndugu zangu wa Machakos, wanaopenda kusema kwamba mji wao ulikuwa mji mkuu wa Kenya kabla ya Nairobi. Makao makuu ya himaya yalikuwa pwani, na Mombasa ndiyo iliyoikabidhi Nairobi kiti hicho mwaka 1905. Machakos ilikuwa makao ya jimbo. Sifa yake ya kweli inatosha bila kuongezewa: ulikuwa mji wa utawala bara kabla Nairobi haijawa hata kambi ya mahema.

Sasa nyoka. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa tarehe 30 Mei 1896, na mhandisi mkuu, George Whitehouse, hakuwa na sababu ya kupandisha garimoshi vilima vya Kilungu na Iveti wakati kulikuwa na mbuga tambarare upande wa magharibi. Reli ikafuata mbuga. Ikapita kiasi cha kilomita 30 kutoka Machakos, ikafika Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Hapakuwa na njama wala chuki. Wapagazi walifuata chakula, kwa hiyo walipanda vilima. Injini inakula kuni na maji, haihitaji kunde.

Waingereza walikwisha kuyaona mambo haya kwao. Mji wa soko wa Stamford, ulioko katika barabara kuu ya kutoka London kwenda York, una hoteli inayoitwa The George, ambayo enzi za magari ya farasi ilipokea, kwa simulizi ya wenyewe, magari 40 kwa siku, 20 yakienda na 20 yakirudi. Mlangoni kulikuwa na vyumba viwili vya kungojea: kimoja kimeandikwa London, kingine York. Kisha katikati ya karne ya 19 reli kuu ikapitia Peterborough, na Stamford ikaachwa pembeni. Mji ukalala. Lakini kwa sababu ulilala, hakuna aliyeubomoa; nyumba zake za mawe zimebaki, The George bado inapokea wageni, na vibao vya London na York vingalipo kwa watalii kupiga picha. Machakos nayo iliachwa pembeni na reli. Tofauti ni kwamba Stamford iliachwa ikiwa imeshiba.

Reli ilipokuwa ikipanda kutoka Tsavo, Ukambani kuliingia Ngomanisye, njaa ambayo wazee wa Kikamba huhesabia miaka yake hata leo. Ilianza kwa mvua kukosekana mwaka 1897, ikaendelea hadi mwisho wa karne. Kabla yake ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, na nzige walikuwa wamepita. Juu ya njaa ikaja ndui. Maghala yaliyolisha misafara kwa miaka kumi hayakuwa na akiba ya kulisha wenyewe, na sasa palikuwa na mlaji mpya: maelfu ya vibarua wa reli. Kwa jumla waliletwa Wahindi wapatao 32,000 kuijenga, na kiasi cha 2,500 wakafa wakiijenga. Chakula chao kikubwa, mchele na unga, kililetwa kwa meli, lakini nyama na vinginevyo vilitafutwa njiani. Watu wa Iveti na Kilungu walishuka kwenda Ukikuyu kutafuta chakula, wengine wakaweka watoto wao rehani kwa wenye nafaka, wengi wakaanguka njiani. Serikali na wamisionari waligawa chakula Machakos na Ngelani. Mchele wa kugawa uliletwa na reli ileile. Pale penye kulisha wageni, mwenyeji ndiye aliyesimama kwenye mstari.

Mwaka 1899, njaa ikiwa bado haijaisha, makao makuu ya jimbo yakahamia Nairobi, na Ainsworth akahama nayo. Machakos ikabaki mji wa wilaya.

Kazi ya kulaza wasafiri nayo ilihamia kwenye reli, na mwanzoni ilikuwa ya kutisha. Juni 1900 mkuu wa polisi aitwaye Charles Ryall alikuja kumwinda simba aliyekuwa akila watu kwenye stesheni ya Kima, siku hizo ndani ya wilaya ya Machakos. Alikuwa na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Behewa lao liliachwa kwenye njia ya pembeni, na wakakubaliana kukesha kwa zamu. Ryall akachukua zamu ya kwanza. Huebner akalala kitanda cha juu, Parenti akalala sakafuni. Ryall naye akasinzia. Behewa lilikuwa limeinama kidogo upande mmoja, na mlango wake ulikuwa wa kuteleza pembeni. Simba aliingia, mlango ukajifunga nyuma yake, na sasa wote wanne walikuwa chumba kimoja. Akamkanyaga Parenti sakafuni ili amfikie Ryall, akamchukua, akatoka naye dirishani. Baadaye simba huyo alinaswa akiwa hai kwenye mtego, akaonyeshwa watu, kisha akapigwa risasi.

Wasafiri waliokuja baadaye walikuwa na malalamiko madogo zaidi. Kwa miaka mingi garimoshi halikuwa na behewa la chakula, kwa hiyo lilisimama kwenye nyumba za wageni za reli: chakula cha jioni Voi, kifungua kinywa Makindu. Abiria walishuka wamekuwa wekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu, wakala haraka, wakalipa, wakapanda. Ndiyo ilikuwa hoteli ya gari la farasi kwa namna mpya, ila sasa mwenye nyumba alikuwa Shirika la Reli, na nyama na mboga za kopo zilitoka ng'ambo. Mkulima wa Kilungu hakumwona tena msafiri. Alimsikia akipita usiku.

Matajiri, bila shaka, walilala kwingine. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipanda garimoshi Mombasa akakalishwa mbele kabisa ya injini ili aone wanyama. Aliyemsindikiza alikuwa Frederick Jackson, yuleyule aliyepita na msafara wa Kampuni mwaka 1889, sasa akiwa mtu mkubwa serikalini. Walishuka stesheni ya Kapiti, ambako wapagazi zaidi ya 200 walikuwa wamepanga mahema, kisha Roosevelt akaenda kulala Kitanga, shamba la Sir Alfred Pease kwenye vilima vya Machakos. Jackson aliyaona yote mawili, msafara uliokuwa ukifa njaa ukikosea rangi ya shanga, na msafara wa anasa, katika maisha ya mtu mmoja na karibu katika bonde lilelile.

Mwaka 1938 zamu ya kuwa mgeni iliwaangukia Wakamba. Serikali ilikuwa ikiwalazimisha kupunguza mifugo na kuuza ng'ombe kwa bei ya kutupa, huku kiwanda kipya cha nyama kikijengwa Athi River. Julai maelfu, wanaume, wanawake na watoto, walitoka Machakos wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakatembea kilomita 60 na ushei hadi Nairobi, wakapiga kambi wakidai kumwona gavana. Walikaa wiki kadhaa. Nairobi, mji ambao makao yake ya kwanza ya jimbo yalitoka Machakos, haikuwa na mahali pa kuwalaza. Muindi alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini mpango wa kuchukua mifugo kwa nguvu ulikwama. Leo ana mtaa wenye jina lake katikati ya Nairobi.

Mji wenyewe wa Machakos umebaki na jina lake mahali pengine pa ajabu katika Nairobi: stendi ya mabasi ya kwenda mikoani, ambayo watu huiita Machakos kwa ufupi. Ukiwa unakwenda Kisii au Busia, unaambiwa panda gari Machakos. Wengi wanaosafiri kutoka hapo hawajawahi kufika Machakos ya kweli.

Barabara ya magari ilipokuja kushindana na reli, ilifuata reli, si njia ya kale ya miguu. Hoteli za njiani zikaota huko. Mtito Andei, karibu nusu ya safari kati ya Nairobi na Mombasa, ikawa na Mac's Inn. Kiboko ikawa na Hunter's Lodge, kando ya chemchemi, iliyojengwa na mwindaji Mskoti John Alexander Hunter. Huyu ana hesabu yake Ukambani. Kati ya 1944 na 1946 serikali ilimtuma kuua vifaru Makueni ili ardhi ifunguliwe kwa Wakamba waliobanana kwenye vilima vya Machakos, naye akaua karibu 1,000. Hata kama shabaha ilikuwa kuwapa watu mashamba, namba hiyo hainipiti kooni.

Mahali ninapopaheshimu kuliko pote katika njia nzima ni Makindu, ambayo nayo ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos hadi Makueni ilipokatwa mwaka 1992. Makindu ilikuwa kambi kubwa ya ujenzi wa reli, na mafundi wengi walikuwa Makalasinga kutoka Punjab. Mwaka 1926 walijenga hekalu la mabati na mbao kando ya reli. Reli ilipopunguza kazi zake hapo wafanyakazi wakaondoka, na hekalu likakaribia kubaki tupu, lakini Makalasinga wa Kenya hawakuliacha. Wamelikuza mpaka limekuwa eneo kubwa lenye bustani, ukumbi wa chakula na vyumba vya kulala.

Nimekula pale. Unavua viatu mlangoni, unanawa, unachukua kitambaa kutoka kwenye kikapu unafunga kichwa. Anayetumikia anakuwekea chapati, dengu nzito ya manjano, wali na achari kwenye sahani ya chuma yenye visehemu, na ukimaliza anauliza kama unaongeza. Chai ya maziwa iko kwenye birika kubwa. Hakuna anayekuuliza kabila, dini wala unakwenda wapi. Karibu yako anakaa dereva wa lori, mbele yako familia ya Kihindi kutoka Nairobi, na vijana wa Makindu waliokuja kwa sababu wana njaa. Unaosha mikono unaondoka. Hakuna bili. Kuna kisanduku cha sadaka, na hakuna anayesimama karibu nacho kuona umetia nini.

Watu wa reli iliyoinyima Machakos wageni ndio waliojenga hekalu hilo. Baada ya miaka zaidi ya 130 ya njia hii, tangu Kampuni, kupitia serikali, Shirika la Reli hadi wenye hoteli, ni wao tu waliopanga chakula cha msafiri kisimgharimu mkulima wa jirani asiyeulizwa. Unga na dengu hulipiwa na michango ya waumini na wapita njia.

Tangu mwaka 2017 reli mpya ya SGR inapita huko, na garimoshi la moja kwa moja linamaliza safari ya Mombasa hadi Nairobi kwa saa tano hivi. Abiria hana haja ya kulala wala kushuka kula. Wenye hoteli za barabarani wanalalamika, na wana haki, ingawa malori bado ni mengi na madereva wake bado wanakula.

Machakos ya leo ina hoteli za kutosha, na muthokoi, chakula cha Kikamba, hupikwa hata kwenye vibanda vya soko. Njia ya kale ndiyo isiyoonekana. Serikali za kaunti za Machakos na Makueni zingefanya jambo la maana kuipima upya njia hiyo ya miguu kutoka Kibwezi, Nzaui na Kilungu hadi bonde la Masaku, na kuweka vibao mahali misafara ilipotua. Majina ya Lugard, Portal na Ainsworth yamekwisha kuandikwa vya kutosha vitabuni. Kibao cha Machakos kianze na wanawake wa Iveti na vyondo vyao, na kiseme wazi kwamba chakula walichouza hapo ndicho kilichoifikisha Uingereza Uganda, na kwamba mwaka 1898 watu wao walikufa kwa njaa.